Ndoo Kumi na Moja za Baba

Baba yangu alipofariki mwaka wa 2016, hakutuachia shamba la kugombaniwa wala akaunti ya benki ya kufuatiliwa mahakamani. Alituachia brashi saba zilizokauka kwa rangi, ngazi ya mbao iliyokosa vipago viwili, na ndoo kumi na moja za plastiki. Jamaa waliofika matangani walizitwaa ndoo hizo bila kuuliza: hii ikateka maji, ile ikabeba unga, nyingine ikapinduliwa ikawa kiti cha mzee aliyekosa pa kukaa. Mama aliketi mkekani akizifuata kwa macho moja baada ya nyingine. Nilidhani alihofia zisiibwe. Miaka sita ilipita kabla sijatambua kwamba alihofia jambo jingine kabisa, nami nitalieleza hapo mbele, ingawa linaniaibisha mimi niliyejiita mwanafunzi wa lugha.

Baba alikuwa fundi wa rangi jijini Nairobi, nasi tulikuwa nyumbani Kitui. Kila baada ya miezi miwili au mitatu alirejea kwa basi, na juu ya basi, kati ya magodoro na vikapu vya kuku, mlikuwa na ndoo zilizopachikwa moja ndani ya nyingine. Wenzake waliziacha zitupwe pamoja na vifusi. Yeye aliziomba. Zipo alizopewa kwa hiari, na zipo alizobeba kwa uchungu: mwaka mmoja mwanakandarasi fulani alitoweka kabla ya kuwalipa mafundi wake, na mshahara wote wa baba wa miezi miwili ukawa ndoo nne za lita 20 na vifuniko vyake. Mama alizipokea getini kama anavyopokewa mgeni, akazipanga kando ya ukuta, kisha akaenda jikoni kukopesha tumbo letu uji usio na sukari. Sikumsikia akilalamika. Msomaji aliyelelewa penye mfereji usiokauka huenda akaona ni mzaha kulipwa kwa ndoo, ila kwetu ndoo yenye kifuniko kinachobana ilikuwa na bei yake sokoni, nayo haikupungua thamani upesi kama noti.

Kuiosha ndoo ya rangi ni kazi yenye ufundi wake. Iliyobeba rangi ya maji haisuguliwi ingali mbichi. Huachwa juani hadi mabaki yakauke, kisha mtu huchokonoa ukingoni kwa ukucha na kuyavuta, yakabanduka kwa utando mmoja mpana kama ngozi ya nyoka anayejivua gamba. Sisi watoto tuliigombania ngozi hiyo. Iliyobeba rangi ya mafuta ni habari nyingine. Hiyo haibanduki, haisuguliki, na harufu yake hukaa humo hata baada ya kuosheka kwa macho. Vifuniko navyo vilikuwa mali yetu kabla ya kurudishiwa kazi: kila kifuniko kilikuwa usukani wa basi, na mimi nimeendesha safari nyingi za Nairobi bila kutoka uani.

Lugha yetu, nadhani, imechelewa kuipa ndoo ya plastiki heshima yake. Debe lina methali, kwamba likiwa tupu haliachi kuvuma, na lina nahau ambayo wanasiasa na makanga hawaishi kuitenda. Kibaba kinajazwa kwa haba na haba. Hata gorogoro, mkebe wa kilo mbili wa mafuta ya kupikia, limetawazwa sokoni kuwa kipimo cha mahindi na maharagwe, na hakuna Mkenya anayehitaji kufafanuliwa jina hilo. Ndoo ya rangi haina methali hata moja niijuayo. Ina viungo tu: mdomo, ubavu, kitako, na utambo. Neno hili la mwisho nililijua kwa viganja miaka mingi kabla ya kulikuta kamusini, maana utambo wa waya uliopoteza kishikio chake hukata mkono wa mchota maji kama kisu butu. Mama aliuviringia kitambaa cha leso kuukuu, na hivyo ndivyo tulivyozitambua ndoo zetu kisimani.

Nikisema mama alizitumia, nisieleweke kwamba alizipanga kazi mara moja zikabaki hivyo. Ndoo za kwetu zilipanda cheo na kushuka. Ndoo ingeanza maisha ikihifadhi mbegu za kunde na mbaazi, ikiwa imejazwa pomoni na kuchanganywa na majivu, kifuniko kikabanwa ili dumuzi na fukusi wakose hewa. Kifuniko kikilegea, ikahamishiwa kwenye makaa. Ikitoka ufa, ukingo wa ufa ukayeyushwa kwa kisu cha moto na kugandishwa, nayo ikawa ya kubebea mbolea ya mbuzi. Ufa ukirudi, ikalazwa ubavu ikawa kiota cha kuku. Jua la Kitui huila plastiki: ndoo iliyoshinda nje miaka mitatu huwa kavu kama ganda la yai, ukiishika ukingo unakatika mkononi. Hapo mama aliiuza kwa kilo kwa mnunuzi wa vyuma na plastiki aliyepita na mkokoteni. Kuitia motoni kulikuwa mwiko, hata siku ambazo kuni zililowa. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, majirani waliulizana watakwenda sokoni na nini. Mama alikwenda na alichozoea kwenda nacho.

Ila ufalme wa ndoo ulikuwa bustanini. Mahali ambapo mvua ya kutegemewa ni ile ya Oktoba hadi Desemba, na ile ya Machi huja ikijisikia, kupanda sukuma wiki ardhini ni kuipa ardhi maji ambayo hatakunywa mtu. Ndani ya ndoo maji yamefungwa pamoja na mzizi. Mama alijaza udongo, mchanga kidogo wa mtoni na samadi iliyooza vyema, akapanda miche mitatu, na kila jioni akainywesha maji yaliyooshea vyombo. Matundu aliyatoboa kwa msumari wa inchi nne uliopashwa moto makaani, kamwe si kwa nyundo, kwani plastiki ikigongwa hupasuka mahali usipopataka. Tena hakuyatoboa kitakoni. Aliyatoboa ubavuni, vidole viwili kutoka chini, ili hodhi dogo la maji libaki chini ya mizizi. Nimekuja kuona ndoo nyingi za mboga kwenye roshani za Nairobi zilizotobolewa kitakoni kama chujio, na mwenye kuzinywesha akilalamika kwamba sukuma zake hunyauka saa saba mchana.

Baadaye kikundi cha akina mama kilifundishwa umwagiliaji wa matone. Ulikuwa mtindo ulioenezwa nchini na Taasisi ya Utafiti wa Kilimo ya Kenya, KARI, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990: ndoo huinuliwa juu ya jukwaa la kimo cha mita moja hivi, na maji hushuka kwa uzito wake yenyewe kupitia mipira yenye vitundu, tone kwa kila shina. Wahenga waliposema chururu si ndo! ndo! ndo! walikusudia kuisifu chururu. Bustanini kwetu ndo! ndo! ndo! ilishinda. Taabu ilikuwa vumbi la mtoni, ambalo huziba vitundu upesi, na mama aliyachuja maji kwa kitambaa mara mbili kabla ya kuyamimina. Sehemu hiyo ya kazi ilikuwa yangu, nami niliichukia kwa moyo wote.

Niongeze tukio moja dogo, kwa kuwa ningelizingatia wakati huo lingeniepusha na fedheha. Machi 2020, kisa cha kwanza cha korona kilipotangazwa nchini tarehe 13 na shule zikafungwa siku chache baadaye, nilirudi nyumbani nikiwa kidato cha nne. Kila boma lilitakiwa kuwa na maji ya kunawa mlangoni. Mama aliamua kuitoboa ndoo moja aipachike bomba dogo. Alichukua ya kwanza, akaigeuza, akatazama kitako chake, akairudisha. Akachukua ya pili, akaigeuza pia, akaridhika nayo. Nilimtazama nikafikiri anatafuta nyufa.

Mwaka uliofuata nilijiunga na chuo kikuu, na ndoo ya kumi na moja ikaja nami. Nani kati yetu, wanachama wenzangu, aliyekaa bwenini asijue hadhi ya ndoo? Mfereji ukikauka siku tatu, mwenye ndoo mbili ni tajiri, na mwenye ndoo yenye kifuniko ni mfalme. Niliandika jina langu ubavuni kwa rangi ya kucha, herufi kubwa, mwizi asome. Nilioga kwayo, nilifua kwayo, na maji yalipoadimika niliyahifadhi humo ya kunywa. Nilijivunia ndoo ya baba yangu. Niliwaambia wenzangu chumbani kwamba imejenga Nairobi.

Mwenzangu mmoja wa chumba hicho alikuwa akisomea afya ya umma. Jioni moja mwaka wa 2022 alinikuta nikichota kikombe, akaniuliza ndoo ilikuwa ya nini hapo awali. Nilipomjibu, aliimwaga beseni, akaipindua, akanionyesha pembetatu ya mishale iliyopigwa chapa kitakoni, na ndani yake namba 5. Akanieleza kwamba namba hiyo ni ya polipropilini, plastiki ile ile inayotengenezewa vyombo vingi vya chakula, lakini nisidanganyike.

"Namba inakwambia ndoo imeumbwa kwa kitu gani," alisema. "Haikwambii ilibeba nini."

Kwamba rangi ina dawa za kuua kuvu na vijidudu isioze mkebeni. Kwamba ile ya mafuta ina viyeyusho, na rangi nyingi za mafuta za zamani zilikuwa na risasi. Kwamba plastiki hunyonya kidogo ya kile inachokaa nacho, na sabuni huosha uso wake tu. "Isitoshe," akaongeza akicheka, "fundi wenu alimwaga rangi hata huku chini." Kweli, palikuwa na michirizi miwili myekundu kando ya pembetatu. Tulicheka sote.

Sikucheka usiku huo. Nilizikumbuka ndoo tatu nyeupe zilizokaa nyuma ya mlango wa jikoni kwetu, zenye maji ya kunywa, na mama akichota humo kwa kata kila alfajiri tangu nizaliwe.

Nilirudi nyumbani Desemba. Wanaokumbuka hawahitaji kuelezwa Kitui ilivyokuwa Desemba 2022: mvua zilikuwa zimekosa misimu mitano mfululizo tangu mwishoni mwa 2020. Mama alikuwa amekwenda mazishini kwa jirani. Niliingia jikoni na elimu yangu, nikaifunua ndoo ya kwanza. Ilikuwa imejaa, maji yametulia, meupe kama kioo. Niliibeba hadi uani nikaimwaga. Ardhi iliyanywa yote kabla sijaweka ndoo chini. Nikairudia ya pili nikaifanya vivyo hivyo. Ya tatu ilikuwa nusu.

Mama alipofika alitazama doa la unyevu uani, ambalo lilikuwa limekwisha kuanza kukauka pembezoni.

"Umeyamwaga?"

"Mama, hizi ni ndoo za rangi. Tumekuwa tukinywa sumu miaka yote."

Nilitarajia ghadhabu, hata nilikuwa nimeandaa hoja. Hakunijibu. Alivua viatu vya mazishini, akavaa ndara, akaenda kumfungia punda nyasi zake. Jioni ile tulilala bila kupika ugali, tukala ndizi alizopewa matangani. Kabla ya kuzima taa alisema sentensi moja tu: "Kesho utamtangulia punda."

Mtoni kwetu hakuna maji ya kuonekana wakati wa kiangazi. Kuna mchanga, na chini ya mchanga, ukichimba kimo cha mtu mzima, maji hutokwa polepole. Tulifika alfajiri tukakuta foleni. Zamu yangu ilipofika niliingia shimoni nikangoja maji yatokeze, nikayateka kata moja, nikangoja tena. Nilihesabu kata za ndoo moja hadi nikachoka kuhesabu. Tulirudi saa sita jua likiwa utosini, na njia nzima mama alizungumza na punda.

Usiku huo aliniita jikoni. Alizileta ndoo zote zilizosalia, nane kwa idadi, kwa kuwa mbili zilikuwa zimekufa na moja iko chuoni. Alizipindua chini ya taa ya sola, zikakaa kama kobe. "Soma," akasema.

Nilizitazama. Baadhi zilikuwa na nukta nyeupe kitakoni, ukubwa wa ncha ya kidole. Nyingine zilikuwa na mistari miwili myekundu iliyochorwa kwa brashi nyembamba. Na tatu, zile tatu nyeupe za nyuma ya mlango, hazikuwa na kitu.

Baba, aliyeacha shule darasa la tatu, alikuwa na mwandiko wake. Nukta nyeupe ilimaanisha ndoo ilibeba rangi ya maji: iwe ya bustani, ya kufulia, ya kunawa mikono, ya makaa. Mistari miwili myekundu ilimaanisha mafuta au tina: isikaribie mdomo wa mtu wala wa mnyama. Ndoo isiyo na alama haikuwahi kubeba rangi. Hizo tatu alizipata kwa mwenye mkahawa mmoja huko Nairobi, aliyenunua mafuta ya kupikia kwa ndoo. Baba alimpa ndoo mbili za rangi kwa kila moja ya mafuta, na mwenye mkahawa aliona amepata faida. "Fundi huyanusa yale madude siku nzima," mama alisema. "Wewe ulidhani hajui yana nini?"

Pale mkekani, mwaka wa 2016, macho ya mama yalikuwa yakifuata kitako kipi kilichotiwa unga na kipi kilichotiwa maji, naye hakuweza kunyanyuka kwa kuwa mjane hanyanyuki mbele ya waombolezaji kwenda kupindua ndoo.

Mhula uliotangulia nilikuwa nimefanya mtihani wa semiotiki. Nilieleza kiashiria na kiashiriwa kwa kurasa nne, nikapata alama nzuri. Na michirizi miwili myekundu kitakoni mwa ndoo niliyoinywea mwaka mzima na ushei, niliipita nikaiita rangi iliyomwagika.

Nilimweleza mama. Alinyamaza kwa muda. Kisha akaniuliza kwa nini sikumwuliza siku ile niliyochagua ndoo ya kwenda nayo, nami sikuwa na jibu, kwa sababu niliichagua usiku, peke yangu, kwa kuwa ndiyo iliyong'aa kuliko zote. Alinishika paji la uso kana kwamba sumu ya rangi hupimwa kwa kiganja.

Hata hivyo haikuwa kwamba nimekosea kila kitu, na hili nalisema kwa haki yangu. Ndoo ya unga, ambayo mama aliichukulia baada ya mkebe wake wa bati kutoboka kwa kutu, ilikuwa na nukta nyeupe. Nilipoielekezea kidole alisema anajua, na kwamba aliitandika karatasi ndani. Nikamwambia karatasi haizuii kitu. Tukavutana. Alisema unga ni mkavu, maji ndiyo yanayovuta. Nikasema unga una mafuta yake, nao hukaa humo wiki tatu. Tulilala bila kuafikiana. Asubuhi nilikuta unga umehamishiwa kwenye mojawapo ya zile tatu, na kunde za mbegu, ambazo hazitaliwa, zimeingia kwenye ile yenye nukta. Maji ya kunywa yakabaki na ndoo mbili badala ya tatu, maana yake safari moja zaidi ya mtoni kila wiki. Gharama hiyo ya hoja yangu ililipwa na mama pamoja na punda, mimi nilikuwa nimerudi chuoni.

Mvua ilirudi mwaka wa 2023, na ilipofika Novemba ilikuwa ya kupita kiasi. Likizo iliyofuata niliirudisha nyumbani ndoo ya kumi na moja kwa matatu, kondakta akanitoza nusu nauli kwa sababu yake. Jina langu lilikuwa bado ubavuni kwa rangi ya kucha, na mwandiko wa baba kitakoni. Tuliitoboa ubavuni, vidole viwili kutoka chini. Mama hakukubali ipandwe mboga. Tulitia miche ya mwarobaini, ambayo haimlishi mtu, na baada ya miezi kadhaa ikahamishiwa ardhini kando ya ua. Ndoo bado iko pale, ikingoja miche mingine.

Aprili iliyopita mama aliuza mbuzi, akanunua sokoni ndoo mpya kabisa ya maji ya kunywa, ya kwanza kununuliwa dukani katika maisha yake ya ndoa na ya ujane. Aliipindua mezani, akanifungulia chupa ya rangi ya kucha niliyoisahau nyumbani, nyekundu, akaniuliza tuiandike nini. Nilimwambia haijabeba kitu. Akatafakari, akaifunga chupa, akaiteka ndoo maji.